Baiskeli ya umeme ya kukunja yenye skrini ya S866: kuipanga spidi kwa barabara za Dodoma

Baiskeli tunayoipima hapa ni ile ya kukunja yenye matairi ya inchi 20, mota ya wati 250 ndani ya gurudumu la nyuma, betri ya volti 36 na ampea-saa 10, gia saba, breki za diski zinazovutwa kwa waya, na skrini ndogo ya S866 kwenye usukani. Inauzwa kwa majina mengi, na mara nyingi kinachotofautiana ni stika tu. Uzito wake pamoja na betri ni kama kilo 22 hadi 25, kwa hiyo mtu mzima anaweza kuikunja na kuipandisha kwenye buti la teksi au kuiweka chini ya meza ofisini.

Kwa mji wa Dodoma ni chombo kizuri. Mji umetanuka, nyumba za Ilazo, Kisasa na Nkuhungu ziko mbali na maofisi, na barabara kuu nyingi ni za lami pana. Ila inatoka kiwandani ikiwa imepangwa kwa ajili ya mtu mwingine. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka mota ya baiskeli ya umeme isizidi wati 250 za nguvu ya mfululizo, na iache kusukuma ikifika kilomita 25 kwa saa. Majimbo mengi ya Marekani yanaruhusu maili 20, yaani kilomita 32. Ndiyo maana baiskeli mbili za aina moja zinaweza kufika hapa moja ikikwama kwenye 25 na nyingine kwenye 32, na mnunuzi akadhani ameuziwa mbovu. Kinachofuata karibu kila mara ni kwamba mtu anamtafuta fundi amfungulie spidi. Kati ya namba za mipangilio zilizo ndani ya skrini, ya spidi inapaswa kuwa ya mwisho kuguswa. Kuna namba nyingine nne au tano zinazoamua kama baiskeli hii itakufaa Dodoma, na zikikaa vibaya hata ukifungua spidi hutaona faida.

Anza kwa kupiga picha kila namba kwa simu kabla hujabadilisha chochote. Washa skrini kwa kushikilia kitufe cha M, kisha shikilia mishale miwili, wa juu na wa chini, kwa pamoja kama sekunde mbili. Itatokea P01. Kubonyeza M mara moja kunakupeleka P02, P03 na kuendelea. Mishale inaongeza au kupunguza thamani. Ukimaliza, iache bila kuigusa, itatoka yenyewe baada ya sekunde chache na kuhifadhi. Kama skrini yako ni KT-LCD3 au ya aina nyingine, usifuate namba za hapa: kule P1 na C5 vina maana tofauti kabisa, na kuingiza thamani ya skrini moja kwenye nyingine ndiyo njia ya haraka ya kuifanya baiskeli igome kuwaka mota.

P03 ni volti ya betri. Iwe 36. Ikiwa imeandikwa 48 kwenye betri ya 36, alama ya chaji itaonyesha betri tupu hata ikiwa imetoka kuchajiwa.

P06 ni kipenyo cha gurudumu kwa inchi, na hapa pana jambo la kukaa nalo. Tairi iliyoandikwa inchi 20 haina kipenyo cha inchi 20 kamili. Inategemea unene wake, upepo uliojaza na uzito ulioko juu. Jaza upepo wa kawaida, weka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, mwenye baiskeli akae juu, kisha isukumeni mbele hadi alama igeuke na kurudi chini mara moja. Pima umbali kwa milimita na ugawanye kwa 79.8. Tairi ya 20 kwa 1.95 hutoa kama milimita 1,560, ambayo ni inchi 19.5. Hiyo ndiyo namba ya kuweka. Ukiweka ndogo kuliko hali halisi, skrini itasoma spidi pungufu na kontrola (kifaa kinachoamua umeme kiasi gani uende kwenye mota) itaruhusu baiskeli ikimbie zaidi ya kikomo. Wapo mafundi wanaoutumia mlango huu makusudi: wanaandika 16 kwenye gurudumu la 20, kikomo cha 25 kinageuka kuwa 31 barabarani. Ni njia mbaya. Kuanzia hapo kilomita zote ulizotembea zinahesabiwa uongo, na huwezi tena kujua betri yako inakufikisha wapi.

P07 ni idadi ya sumaku zinazosoma spidi. Kama kuna sumaku moja tu iliyofungwa kwenye spoku na kitambuzi chake kwenye fremu, weka 1. Kama spidi inasomwa ndani ya mota yenyewe, namba huwa kubwa, kwa sababu ni sumaku za mota zikizidishwa na uwiano wa gia zake za ndani. Hapo acha namba ya kiwandani. Dalili ya P07 mbovu inajulikana: skrini inaonyesha spidi 3 huku unakimbia, au 90 ukiwa unatembea taratibu.

Baada ya hizo tatu, hakikisha kwa GPS ya simu. Tafuta kipande kilichonyooka na chenye magari machache, endesha kwa spidi moja kwa nusu dakika, linganisha. Kama simu inasema 25 na skrini 27, nenda P18, ambayo ni asilimia ya kurekebisha spidi inayoonyeshwa, na uishushe kutoka 100 hadi 93. Tofauti ya kilomita moja si ya kuhangaikia.

Sasa tuje kwenye nguvu yenyewe. P14 ni kikomo cha umeme unaotoka kwenye betri kwenda kwenye mota, kwa ampea. Nyingi huja na 12. Ampea 12 kwa volti 36 ni wati 432 zinazotoka kwenye betri. Gurudumuni zinafika kama 300 hivi mota ikiwa kwenye mzunguko mzuri, kwa sababu nyingine zinaishia kuwa joto. Je, zinatosha kwa Dodoma? Chukua mtu na baiskeli wenye jumla ya kilo 105. Kwenye mwinuko wa asilimia 5, kupanda kwa kilomita 15 kwa saa kunahitaji takribani wati 270. Kwa hiyo unapanda, ukisaidia kidogo kwa miguu, na hicho ndicho kipimo cha milima ya kawaida ya mjini. Ila ukielekea Chuo Kikuu cha Dodoma, kwenye vile vipande vikali vya kupanda, ukaacha miguu na kuvuta mafuta tu (yaani kile kishikio cha kuongeza mwendo kwenye usukani), spidi itashuka chini ya 10, na hapo mota inakula umeme uleule huku sehemu kubwa ikiwa joto. Mota hizi ndogo zina gia za nailoni ndani. Zikipata joto kwa muda mrefu zinalainika, meno yanakwanguka, na utaanza kusikia mlio wa kusaga huku gurudumu haliendi. Dawa ni kushuka gia ya mnyororo mapema kabla ya mlima na kuchochea pedeli, ili mota izunguke haraka.

Kishawishi kinachofuata ni kupandisha P14 hadi 18 au 20. Kabla hujafanya hivyo soma lebo ya kontrola, ile boksi ya alumini iliyofichwa ndani ya fremu au chini ya kiti. Ikiandikwa upeo wa ampea 15, usivuke 15. Halafu kumbuka kwamba ndani ya betri kuna ubao wa ulinzi wenye kikomo chake. Ukiuzidi, unakata umeme wote kwa mpigo: skrini inazima katikati ya mlima, na inawaka tena ukizima na kuwasha. Wengi wakiona hivyo wanasema betri imekufa. Rudisha P14 kwenye 12 kwanza ndipo uhukumu. Kwa kontrola ya ampea 15, maoni yetu ni 14 kwa anayepanda milima kila siku na 12 kwa wengine wote.

P12 ni nguvu ya kuanzia unapokanyaga pedeli, kutoka 0 hadi 5, na P11 ni wepesi wa kuitikia, kutoka 1 hadi 24. Hizi mbili ndizo zinazobadilisha hisia ya baiskeli kuliko namba nyingine yoyote, lakini hazizungumzwi sana. P12 ikiwa 5, baiskeli inaruka mbele mara tu mguu unapogusa pedeli, na kwenye foleni ya bajaji pale Soko la Majengo hiyo ni hatari ya wazi. Ikiwa 0, unakaribia kuizungusha kwa miguu mwenyewe kabla mota haijaamka. Weka 2. Kwa mtu mzito, au kama njia yako ya kutokea nyumbani ni mchanga, 3. P11 iache katikati, 10 hadi 12. P13 ni idadi ya sumaku kwenye kile kisahani cha plastiki kilicho kando ya pedeli: zihesabu kwa macho, mara nyingi ni 12, na uandike hiyohiyo. Ikiandikwa tofauti, mota inachelewa kuitikia au inakatakata.

P09 inaamua kama mafuta yatavuta baiskeli ikiwa imesimama kabisa (0) au mpaka iwe imeanza kutembea (1). Kwenye nyumba yenye watoto tunasisitiza 1. Mtoto atavuta kile kishikio siku moja, na baiskeli ya kilo 24 ikirukia ukuta au mtu, inaumiza. P17 ni kushikilia spidi yenyewe bila kuvuta mafuta. Iweke 0 mjini. P20 usiiguse: ni lugha ambayo skrini na kontrola wanaongea, ukiibadilisha wanaacha kuelewana.

Ndipo tunafika P08, kikomo cha spidi. Kinakubali namba hadi 100, na 100 maana yake hakuna kikomo. Watu wanaandika 100 na kushangaa baiskeli inaishia 28. Sababu iko kwenye mota. Kila mota ina mizunguko inayoweza kufikia kwa volti iliyopewa. Mota iliyoandikwa mizunguko 300 kwa dakika kwa volti 36, ikizungusha tairi la milimita 1,560, inatoa kilomita 28 kwa saa, basi. Skrini haiwezi kuongeza kisichokuwepo. Kujua ya kwako, weka P08 kwenye 100, inua gurudumu la nyuma likiwa hewani, vuta mafuta hadi mwisho na usome namba. Ukiona 33 betri ikiwa imejaa, barabarani ukiwa juu tarajia 27 au 28. Na itashuka zaidi kadiri betri inavyoisha, kwa maana betri iliyojaa ina volti 42 na inayokaribia kuzima ina 31 au 32.

Zipo mota zilizofungwa nyaya kwa mzunguko wa juu zaidi, na hizo zitafika 32 au zaidi kweli. Je, ufungue? Fanya hesabu ya upepo kwanza. Kwa jumla ileile ya kilo 105, lami tambarare na hewa tulivu, kwenda 25 kunahitaji takribani wati 150 gurudumuni. Kwenda 32 kunahitaji kama 275. Kwa kila kilomita, betri inatumika zaidi kwa karibu asilimia 40. Betri ya ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Ikiwa kwa 25 ilikupeleka kilomita 32, kwa 32 tegemea kama 23. Kutoka katikati ya mji hadi Mji wa Serikali Mtumba ni takribani kilomita 17. Kwa kikomo cha 25, ukisaidia kwa miguu, kwenda na kurudi kunawezekana kwa shida. Kwa 32 lazima uchaji ukiwa ofisini.

Halafu kuna upepo wenyewe wa Dodoma. Kuanzia Juni hadi Septemba au Oktoba upepo wa kiangazi unavuma kutoka upande wa mashariki na kusini-mashariki, na anayekwenda Ihumwa au Mtumba anaupokea usoni. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukikukabili huku wewe unakwenda 25, mwili wako unapambana na hewa ya kilomita 45 kwa saa. Nguvu ya kuisukuma hewa hiyo ni zaidi ya mara tatu ya siku tulivu. Hakuna mpangilio wa P08 utakaoishinda hesabu hiyo kwa mota ya wati 250. Miezi hiyo, teremsha usaidizi wa mota kwenye skrini hadi ngazi ya 2 au 3 kati ya 5, kubali spidi 18 hadi 20, na utafika. Anayeng'ang'ania ngazi ya 5 dhidi ya upepo, betri inamwishia Nzuguni.

Kuhusu breki, hii ndiyo sehemu inayotufanya tushikilie 25 kwa baiskeli za aina hii. Umbali wa kusimama unakua kwa mraba wa spidi: kutoka 25 kwenda 32 ni ongezeko la zaidi ya asilimia 60, kwa breki zilezile za waya na tairi zilezile nyembamba. Na fremu ina kiungo katikati. Kabla ya kupandisha kikomo, simama kando, bana breki ya mbele, na usukume usukani mbele na nyuma. Ukihisi mchezo kwenye kiungo cha fremu au cha mlingoti wa usukani, kaza boliti ya lachi (komeo la kiungo hicho) mpaka kuifunga kunahitaji nguvu ya kiganja. Lachi inayofungika kwa kidole kimoja imelegea. Anayetaka 32 na mota yake inaweza, aweke 28 kwanza, abadilishe pedi za breki, ndipo aamue.

Kwenye baadhi ya kontrola kuna waya mbili nyeupe zilizounganishwa kwa kichwa kidogo, ambazo ni kikomo cha pili kisichohusiana na skrini. Kama P08 haibadilishi kitu hata gurudumu likiwa hewani, hapo ndipo pa kuangalia. Zikitenganishwa kikomo kinaondoka. Ncha zake zifunikwe kwa tepu zisigusane wala kuingia maji.

Namba za hitilafu kwenye skrini hizi: 21 ni umeme usio wa kawaida, 22 kishikio cha mafuta, 23 waya wa mota uliokatika, 24 vitambuzi vya ndani ya mota, 25 breki, 30 mawasiliano kati ya skrini na kontrola. Ya 25 hapa inatokana sana na vumbi: swichi ndogo kwenye mkono wa breki inashikwa na mchanga, haichomoki, na mota inaamini unabana breki muda wote. Brashi kavu na hewa ya pampu vinatosha. Ya 24 na 30 huja zaidi msimu wa mvua, Desemba hadi Machi au Aprili. Fungua vichwa vya nyaya, vikaushe, visukume tena hadi mshale ukutane na mshale, na uvifunge vikitazama chini. Usioshe baiskeli hii kwa mashine ya maji ya kuoshea magari.

Pancha zitakuwepo. Mbigili na miiba ya migunga haichagui tairi, na gurudumu la nyuma lenye mota ni kazi kwa fundi wa kawaida. Mwambie achomoe kwanza kichwa cha waya wa mota, kisha afungue nati kwa spana ya 18. Zile washa (vipete vya chuma vya chini ya nati) zenye jino zirudi na jino likiwa ndani ya nafasi ya fremu, pande zote mbili, na nati zikazwe hasa. Zikirudishwa kinyume, ekseli inajizungusha yenyewe siku utakapovuta mafuta kwa nguvu na kunyofoa waya wote. Kutia dawa ya kuziba matundu ndani ya tyubu mapema ni nafuu kuliko hayo yote.

Nani asiinunue? Anayebeba abiria, na anayeishi kwenye njia za mchanga mzito na makorongo. Huyo atafute ya volti 48 yenye matairi mapana ya inchi 4, akijua kwamba inazidi kilo 30 na haitapanda daladala kwa urahisi.

Ukiwa dukani, uliza waziwazi: "Kaka, kontrola hii ni ya ampea ngapi, na naomba niione lebo." Muuzaji anayejua bidhaa yake atakufungulia. Omba gurudumu linyanyuliwe, uingie P03 na P08 mbele yake, uone kama namba zinabadilika na mota inazitii. Mwisho geuza chaja usome nyuma: ya betri ya volti 36 inatoa volti 42, na ya betri ya 48 inatoa 54.6. Vichwa vyake vinaweza kufanana kabisa, kwa hiyo chaja isiyoandikwa 42 usiichomeke hata kwa kujaribu.